Niliambiwa mwanamke haingii kwenye gikwa. Nikavaa gumboot za baba mkwe nikaingia

Wakuu, hamjambo? Wale wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Mwea, na nyinyi wengine mnaosoma mkiwa ofisini mkijifanya mnaandika report, karibuni.

Leo nimekuja kujigamba. Nasema mapema, asiyependa majigambo afunge page aende akaangalie mpira.

Na sitaongeza chumvi. Haya yametokea kwetu Mukurwe-ini, mashahidi wapo, na mmoja wao ni shemeji yangu ambaye najua anasoma humu kimya kimya. Shem, salamu sana.

Mimi ni Mluhya wa Kakamega, mwalimu wa primary. Nililetwa Nyeri na kazi, nikabakizwa na mapenzi. Mume wangu Muriithi ni mpishi kwenye hoteli huko Nanyuki, anakuja nyumbani akipata off. Mimi na watoto tunaishi kwa boma ya wazazi wake, nyumba yetu iko mkono wa kulia, ya Maitu iko kushoto. Maitu ndio mama mkwe. Kwa Kikuyu ni "mama," na mimi nimemwita hivyo tangu siku ya kwanza.

Sasa kwa wasiojua, gikwa ni kile kiazi kikuu.

Sio nduma, nduma inapenda maji, utaikuta kando ya mto. Ngwaci ni viazi vitamu. Waru ni viazi vya chips. Gikwa ndio kubwa lao. Juu inapanda kwa mti unaoitwa mukungugu, inajizungusha mpaka mti wenyewe hauonekani, na kule chini inanenepa polepole bila haraka na mtu. Ngozi yake ni nyeusi, ngumu, ina nywelenywele. Ukiimenya mbichi mikono itakuwasha mpaka utafute mafuta. Lakini ichemshe na chumvi, uipate na chai ya maziwa asubuhi ya baridi ya July. Aki utasahau mkate ulianzia wapi.

Na kwa Wakikuyu wa zamani, gikwa ni ya mwanaume. Mwanamke ana mahindi, maharagwe, ngwaci zake. Gikwa ni mzee anapanda, mzee anachimba. Mama anangoja jikoni na sufuria.

Baba mkwe alikuwa na mstari wa gikwa pale chini ya boma, ukishapita napier, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe. Mikungugu imesimama kama watoto wa parade, kila mmoja na gikwa yake.

Siku ya kwanza Muriithi kunileta kwao, kulikuwa na baridi, na sisemi ya hewa. Shangazi zake walikuwa wamekaa wananiangalia viatu. Mmoja aliuliza kwa Kikuyu, akidhani sisikii, kama wasichana wa Nyeri wameisha.

Baba mkwe alisimama. Alivaa gumboot zake, akaenda chini, akarudi na kipande cha gikwa kikubwa kama kichwa cha ndama, akampa Maitu apike. Tulipokula akanichagulia kipande cha katikati, akasema mbele ya wote, "Mtu akishakula gikwa yangu, nisisikie mtu anamwita mgeni."

Hapo ndipo niliolewa, wakuu. Harusi ya kanisa ilikuja baadaye tu, kwa sababu ya picha.

Basi mzee akatuacha. Aliugua kidogo, akaenda. Sitaki kuandika sana hapo.

Watu wakaja matanga, na shemeji yangu Wachira, yule ninayemsalimia, akaamua walishwe gikwa ya mzee. Wazo zuri. Shida ni kwamba Wachira ni mkulima wa waru huko Kieni. Kwake kitu kikiwa chini ya udongo dawa ni moja: jembe la uma, piga, inua, kung'uta, tia kwa gunia, songa mbele.

Akachimba gikwa vile anachimba waru. Kichwa, mwili, mizizi, kila kitu nje. Nusu ya mstari ikabaki mashimo, na mikungugu imesimama bila kazi. Hakuna aliyemwambia kitu, watu walikuwa na msiba. Maitu alikuwa amekaa kwa kiti akiangalia tu.

Zilizobaki nazo zikaanza kuwa njano. Magugu yakapanda, ng'ombe akavunja boma yake akala majani. Ukipita pale unaona huruma.

Baada ya muda tukakaa kikao cha familia. Wachira akasema ile sehemu ni ya kupoteza, yeye atapanda avokado za kuuza nje. "Hii gikwa inakaa chini mwaka mzima na haina faida. Mimi niko na miche tayari."

Maitu akasema kitu kimoja tu. Kwamba siku ya memorial ya mzee, tukijengea kaburi na kuweka msalaba, anataka watu wale gikwa ya mzee. Ya shamba lake, sio ya kununua soko ya Karatina.

Wachira akajibu, "Sawa Maitu. Siku hiyo ikipatikana gikwa ya kulisha watu, huu mstari ukae. Ikikosekana, mimi nalima."

Wote wakakubali. Muriithi wangu pia akakubali, akiangalia simu! Niliangalia ule mstari kupitia dirishani. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya hiyo boma iliyowahi kusema mimi ni wa hapa. Nikaona avokado zimesimama pale, roho ikaniuma vibaya.

Nikasema, "Nitazitunza mimi."

Maitu akaweka kikombe chini. "Mama Nyawira, mwanamke hashiki gikwa. Itatoka nyuzi tupu, hata ng'ombe itakataa."

Wachira akacheka mpaka akafuta macho. "Mwalimu, wewe ni wa mihogo. Hii wachia wenyewe."

Wenyewe! Nilikuwa nimekaa hiyo boma miaka nikizaa watoto wa hiyo boma. Wakuu, mimi huwa sina hasira za haraka, lakini zikija huwa zinakuja na mizigo.

Jumapili Maitu akiwa kanisani nikashuka na jembe. Nikafanya vile mama yangu anafanya viazi vitamu Kakamega: nikakata mashina yale yanayotambaa, nikayachomeka kwa yale mashimo, nikamwagilia maji, nikaimba na wimbo.

Yakakauka yote. Ndani ya wiki yamekuwa kuni.

Kumbe gikwa haimei hivyo. Ngwaci unachomeka shina, gikwa inataka kichwa chake. Mimi nilijuaje? Wachira akapiga picha, akatuma kwa group ya familia na maneno, "Mwalimu amepanda kuni, msikose kuja kuota moto." Shangazi wote wakaweka zile emoji za kucheka. Hata Muriithi aliweka. Huyo tulimalizana naye akiwa off, sitaeleza.

Nililia kidogo. Halafu nikashuka tena.

Safari hii sikupanda kitu. Nilichagua gikwa moja iliyokuwa bado na majani kidogo, nikapiga magoti, nikaanza kutoa mchanga kando kando na mikono, nione tu huko chini kuko namna gani.

Na hapo ndipo niliona.

Ile gikwa ilikuwa na makovu. Chini ya kichwa kulikuwa na mahali palipokatwa na panga, pakapona, pakafanya ngozi mpya. Kando yake kovu lingine la zamani zaidi. Na lingine. Mzee hakuwahi kuing'oa hata siku moja! Alikuwa anachimba kando, anakata sehemu ya chini anayotaka, anaacha kichwa pale pale kikishikana na mti, anafunika. Inanenepa tena. Kumbe kipande nilichokula siku ile na gikwa niliyokuwa nimeishika vinaweza kuwa kitu kimoja.

Nilikaa hapo kwa mchanga nikiwa nimeishika kama mtoto. Mwenye kucheka na acheke.

Nikasikia sauti nyuma. "Wacha kuikwaruza hivyo, unaiumiza!"

Maitu. Alikuwa amesimama kwenye mpaka, pale napier inaishia, na vidole vya miguu viko sawasawa na mwisho wa majani. Hakuingia. Lakini mdomo wake ulikuwa umeshaingia.

"Maitu, si ulisema mwanamke hagusi?"

"Sijagusa. Naongea tu."

Akaniangalia miguu, nilikuwa na sandals. Akageuka akaenda, nikajua nimemkasirisha. Kumbe alikuwa ameenda kwake. Akarudi na gumboot za mzee, zile nyeusi zenye kiraka cha mpira kwa kisigino, akazirusha juu ya napier zikaanguka mbele yangu.

"Kama ni lazima uingie, ingia na hizo. Miguu itakuwa ya mwenyewe."

Wakuu, sheria imepata mlango wa nyuma! Nilivaa. Zilikuwa kubwa, nikajaza gazeti kwa vidole. Na kuanzia siku hiyo tukawa na utaratibu wetu: mimi ndani na gumboot, Maitu nje kwa napier na kiti chake cha kukamulia, akiniamrisha kama polisi wa trafiki.

"Usilime karibu, shika na mkono." "Hiyo ni gugu, hiyo ni mtoto wake, hujui tofauti?" "Hapo ulipokata weka jivu, ama itaoza." "Jivu zaidi. Wewe unaweka kama chumvi."

Alikuwa anajua kila kitu. Miaka yote alikuwa amemletea mzee uji hapo kwa mpaka, akisimama kumngoja amalize kikombe, na macho hayana sheria.

Tulichukua vipande vya kichwa kutoka kwa zile zenye nguvu, tukapaka jivu, tukajaza yale mashimo ya Wachira. Mvua ya mwezi wa kumi ikatupata tayari. Nilitandaza majani makavu na samadi. Ng'ombe nilimjengea boma yake upya, akiniangalia kwa chuki.

Na zikashika! Majani mapya yakatoka mekundu mekundu, yakashika mukungugu, yakapanda. Kila jioni nikitoka shule nilikuwa napitia pale kabla hata ya kuweka bag.

Halafu fuko akaja.

Wenye shamba mnamjua huyo mnyama. Hana macho ya maana lakini anajua mahali kila kitu kitamu kiko. Siku moja nikaona gikwa moja kubwa, ile niliyokuwa naitegemea, majani yamelegea ghafla bila sababu. Na kando yake chungu cha udongo mpya.

Wachira alikuwa amepita kutuona. Akaangalia, akatikisa kichwa. "Pole mwalimu. Fuko wameshafanya memorial yao."

Maitu akanifundisha mtego, ule wa mti uliopindwa na waya. Nilitega, ukafyatuka bure. Nikatega tena, ukafyatuka bure tena. Nilikuwa naota fuko anacheka. Tulipomnasa, niliita watoto wote wa plot jirani waje kumuona, na picha yake nikatuma kwa group ya familia. Nikaandika, "Huyu alikuwa anashirikiana na nani?"

Memorial ikaahirishwa mara moja, ikaahirishwa tena, mambo ya familia mnayajua. Kwa gikwa hiyo ilikuwa baraka, kwa roho yangu ilikuwa mateso. Majani yalikuwa mazuri, lakini majani hayakuambii kitu. Unaweza kuwa na msitu juu, na chini uwe na kidole.

Siku ikafika. Padri akaombea kaburi, msalaba ukawekwa, tukalia, tukaimba. Halafu watu wakaanza kutelemka chini, kwa sababu Wachira alikuwa ametangaza. Ati waje kuona gikwa ya mwalimu. Alikuwa amebeba jembe lake la uma begani.

Nikavaa gumboot za mzee juu ya kitenge changu kipya. Maitu akachukua nafasi yake kwenye mpaka.

Nilianza na ile iliyokuwa imelegea, nione kama kuna kilichobaki. Nikachimba. Fuko alikuwa amekula ndani yote, amebakisha ganda kama mtungi. Nikasikia mtu akikohoa. Mmoja wa wale shangazi wa viatu akasema, "Ui."

Sitadanganya, nilitaka kuketi chini.

"Nenda kwa ile ya pili kutoka mwisho," Maitu akasema. "Anza upande wa jua."

Nikaenda. Ilikuwa ile yenye makovu. Nikatoa mchanga kando, nikapata bega lake. Nikaendelea, halijaisha. Nikaingia kwa shimo mpaka magoti, nikatoa mchanga, halijaisha. Watu wakaanza kusogea. Nikachimba upande wa pili nikidhani ni jiwe, kumbe ni yeye bado. Shimo likanifika kiunoni na kitenge kimekwisha habari yake.

Wachira alikuwa ameacha kucheka. Akavua koti, akaruka ndani ya shimo, akaishika kwa mikono miwili. "Tuvute!"

"USIVUTE!" Hiyo tulisema pamoja, mimi na Maitu, sauti moja. Wachira akaachilia kama ameshika moto. Watu wakacheka, na safari hii hawakuwa wananicheka mimi.

Nikachukua panga. Nikakata pale chini ya kichwa, pole pole, kando ya kovu la mwisho la mzee. Nikapaka jivu kwa kichwa, jivu la kutosha, sio kama chumvi.

Kile kipande kilitolewa kwa gunia na wanaume wawili, mmoja akiwa Wachira. Alikibeba mpaka jikoni akinung'unika mgongo. Tulichimba nyingine mbili baada ya hiyo, hazikuwa kubwa hivyo lakini zilikuwa za kuheshimika. Watu wakala. Mzee mmoja jirani alimaliza sahani akaomba ya kubeba.

Mimi sikula. Nilikuwa namuangalia Maitu. Alichukua kipande cha katikati, akakivunja, akakiangalia ndani. Nyeupe, laini, inatoa mvuke. Akatafuna kwa muda mrefu. Nikajua sasa nitaambiwa ya nyuzi.

"Chumvi ni kidogo," akasema.

Akachukua kipande kingine. Na kingine. Wanaojua mama wakwe wa Nyeri watanielewa nikisema hiyo ni medali.

Halafu akainuka akaenda zake. Nikamfuata, nikamkuta amesimama pale pale kwa mpaka, anaangalia shimo ambalo nilikuwa sijalifunika.

"Leta hizo gumboot," akasema.

Nikazivua. Akakaa kwa kiti chake cha kukamulia, akazivaa moja moja, na gazeti langu likiwa ndani. Akasimama. Akavuka napier akaingia.

Maisha yake yote ya ndoa alikuwa hajawahi kukanyaga hapo. Akainama, akarudisha udongo na mikono yake, akaushindilia kuzunguka kile kichwa, akauzungusha vile mzee alikuwa anafanya, kama kilima kidogo. "Alikuwa anafunika hivi," akasema. "Kila wakati hivi."

Nikalia, wakuu. Nililia nikiwa miguu tupu kwa matope, na kitenge kimeharibika, na furaha imenijaa mpaka kifuani kunauma. Nilipogeuka, Wachira alikuwa nyuma yetu na kofia mkononi, na yeye macho yalikuwa mekundu. Akasema ni moshi wa jikoni. Sawa shem. Moshi.

Avokado zake alipanda upande wake wa juu na zinaendelea vizuri, namtakia mema. Mwezi uliopita alinipigia kuniomba kichwa kimoja cha gikwa apande Kieni. Nilimwambia Kieni ni baridi sana kwa gikwa, lakini nimempa. Nimemwandikia na ujumbe: "Usichimbe kama waru."

Mafunzo niliyopata? La kwanza, kama uko na gikwa, usiing'oe. Chimba kando, kata unachohitaji, paka jivu, acha kichwa, funika. Itakulisha wewe na itawalisha watakaokuja. La pili ni la nyinyi mlioolewa mbali na kwenu: msingoje kuambiwa nyinyi ni wa pale. Tafuteni kazi moja ya hiyo boma inayokufa, muishike.

Sasa nataka kusikia kutoka kwenu. Meru na Embu najua mko na gikwa za kutisha, leteni picha tulinganishe, na msilete za soko. Wenye dawa ya fuko pia msinyamaze. Na kama kwenu kuna zao ambalo mwanamke haruhusiwi kugusa, niambieni ni gani.

Mimi nimenunua gumboot zangu mwenyewe, za pinki, saizi yangu. Zile za mzee sizipati tena. Ziko mlangoni kwa Maitu, na kila nikipita asubuhi naona zina matope mapya.